Mchaichai: Historia Isiyo na Mbegu

Historia ya karafuu tumeisoma vitabuni: mashamba, bei, watumwa na masultani. Mchaichai, uliokuwa ukiota uani kwetu, haukuandikiwa kitu. Hata hivyo una mashahidi wawili.

Shahidi wa kwanza ni jina lake. Asili ya mmea huu ni Asia ya kusini na kusini-mashariki. Wagujarati huuita "lili cha", yaani chai ya kijani, na huutia katika chai ya maziwa. Sisi tukaitaja chai mara mbili. Kwa maoni yetu, kufanana huku si sadfa. Wahindi walikuwa jirani zetu Unguja na Mombasa kwa karne nyingi.

Shahidi wa pili ni shina. Mchaichai wa nyumbani hutoa maua kwa nadra sana, na hupandwa kwa kuchimbua chipukizi pamoja na mizizi yake. Kwa hiyo haukuletwa na upepo wala ndege. Kila shina limetoka mkononi mwa mtu likaingia mkononi mwa mwengine. Bibi zetu hawakuuziana. Jirani akiomba, alichimbuliwa.

Mtoto akishikwa na homa, majani yalichemshwa akafukizwa. Mwaka 2020, wakati wa korona, Watanzania wengi walirudia kupiga nyungu kwa mchaichai na mkaratusi. Haikuthibitika kuwa mvuke ule unatibu ugonjwa huo, lakini tuliona watu hukimbilia wapi wakiingiwa na hofu.

Jamaa zetu wa Maskati wanaupanda nje bila taabu. Sisi wa Uingereza tunautia chunguni, na baridi ikianza tunauingiza ndani, kwani barafu huuua. Watoto wetu wengi wanaujua kama vijiti vya dukani vilivyofungwa plastiki, vya supu ya Kitai. Si kosa lao, hatukuwaonyesha. Mzee akifariki, chungu chake hubaki dirishani, hakuna wa kukimwagilia maji. Shina likikauka, safari yote ile imekomea hapo, na mbegu ya kuanzia upya haipo.

Basi ombi letu ni dogo. Mwenye shina aligawe angali hai, na anayepewa aulize: hili ulipewa na nani? Jibu aliandike.