Hatia na upatanisho katika Unyakyusa ya zamani

Kabla ya wamisionari kufika, Mnyakyusa wa bonde la Kyela hakubeba hatia peke yake. Kijana aliyemtukana baba yake, mke wa mwana asiyemkwepa baba mkwe, mwenye ng'ombe aliyekula nyama akawasahau jirani: wote walihesabiwa kuwa wamekikosea kijiji. Adhabu iliaminika kuja kwa pumzi ya watu, yaani manung'uniko ya majirani waliokasirika kwa haki. Pumzi hiyo ilimwingia mkosaji kama baridi ikamlaza, yeye au mtoto wake. Walinzi wa kijiji, waliosemekana kuwa na chatu tumboni na kuwaona wachawi ndotoni, walitumia nguvu ileile ya mchawi. Tofauti ni kwamba wao walitetea haki, naye mchawi alisukumwa na uchu wa nyama na maziwa.

Ugonjwa ukizidi, ramli ilitafuta chanzo. Mkosaji alikiri, akachinja ng'ombe au kupika pombe, akawalisha jirani. Lakini ng'ombe peke yake hakutosha. Aliyekosewa naye alipaswa kuitoa hasira yake hadharani: baba alitamka yaliyomuumiza, akapuliza maji kutoka kinywani, na hapo tu baraka ikamfikia mwana. Aliyenyamaza huku moyo ukichemka aliharibu tambiko zima. Kuungama, kwa hiyo, kulizihusu pande zote mbili, na hilo ndilo jambo zito kuliko yote katika mila hii.

Tuhuma za uchawi zilikuwa na njia kali zaidi. Mtuhumiwa alinyweshwa mwavi, sumu ya kiapo. Akitapika, alihesabiwa hana hatia. Wakoloni waliupiga marufuku.

Mwaka 1891 Wamoravian walianzisha kituo Rungwe, na wamisionari wa Berlin wakajenga kituo cha Wangemannshöhe. Baadaye kazi ikashuka ziwani, Ipyana na Matema. Wamisionari walilichukua jina la Kyala, shujaa wa jadi aliyetambikiwa, kuwa jina la Mungu, wakafundisha kwamba dhambi humkosea Yeye kwanza. Hata hivyo, wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti huko kati ya 1934 na 1938, waliwakuta Wakristo wangali wakiihofia pumzi ya watu.

Nidhamu ya kanisa ilimtaka mkosaji atubu ndipo arudishwe kundini. Kwa upande wa aliyekosewa, mila ya zamani ilidai zaidi.