Mionzi ipi?

Hospitalini, neno mionzi humpeleka mgonjwa moja kwa moja kwenye tiba ya saratani, ile ya kuua seli za uvimbe. Ndiyo maana "mionzi ya infraredi" inahitaji maelezo ya haraka: haina nguvu ya kuharibu vinasaba. William Herschel aliigundua Uingereza mwaka 1800 kwa kipimajoto, pembeni mwa wekundu wa mwanga wa jua uliopita kwenye mche wa kioo.

Watafiti huijaribu katika uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi, na kwa kawaida haimgusi hata mwanamke mwenyewe. Kinachomulikwa ni seli zilizokwanguliwa.

Kila aina ya molekuli hufyonza infraredi kwa namna yake, na kifaa huuchora ufyonzaji huo. Mwaka 1991 watafiti wa Kanada na Marekani walionyesha kuwa seli za saratani hiyo zina glaikojeni, yaani wanga wa akiba, kidogo kuliko seli zenye afya. Njia hii bado ni ya maabara za utafiti zaidi kuliko kliniki. Ikifika kliniki, safu hii inapendekeza wahudumu waseme "mwanga wa infraredi": kifizikia ni sahihi, na anayekwenda kupimwa haongezewi hofu bure.