Chuma Siku: Asili na Maana ya Methali ya Kilatini Carpe Diem

Methali ya Kilatini carpe diem imezoeleka kuwa mwito wa anasa, na ni rahisi kwa mfasiri wa Kiswahili kuilinganisha na usemi wetu "Ponda mali, kufa kwaja". Makala haya yanadai kwamba ulinganisho huo haupatani na historia ya methali yenyewe.

Maneno hayo yanatoka katika shairi la mistari minane la Horace, la kumi na moja katika kitabu cha kwanza cha Odes, kilichotolewa mwaka 23 KK. Mshairi alizaliwa mwaka 65 KK, akiwa mwana wa mtumwa aliyeachwa huru. Mwaka 42 KK alipigana Philippi katika jeshi la Brutus, lililoshindwa, kisha akapoteza shamba la baba yake. Alikwisha kujionea kwamba kesho haina dhamana.

Shairi linamsemesha Leuconoe, mwanamke anayetafuta katika hesabu za wanajimu wa Babeli siku ya kufa kwake na ya mshairi. Anaonywa aache ramli, avumilie lijalo, achuje divai na afupishe matumaini yake. Onyo hili lina mwangwi wa Epicurus (341–270 KK), aliyefundisha Athens kwamba raha ya kweli ni utulivu wa nafsi na kutosheka na kidogo. Kuponda mali si sehemu ya mafundisho hayo.

Ushahidi wa lugha unaelekea huko huko. Kitenzi carpere maana yake ya msingi ni kuchuma tunda au ua, nacho kina nasaba na neno la Kigiriki karpos, yaani tunda. Anayechuma hulitwaa lililoiva kabla halijaoza, hauangushi mti. Kwa hiyo "chuma siku" ni tafsiri iliyo karibu zaidi na asili kuliko "kamata siku" au "ponda siku".

Hata hivyo, kuchuma kwa Kiswahili ni pia kutafuta riziki. "Mchumia juani hulia kivulini" huhimiza jasho la leo kwa ajili ya kesho, ilhali Horace anachuma leo kwa kuwa kesho haijulikani. Tofauti hiyo yafaa ielezwe katika kamusi za methali na vitabu vya kiada: tafsiri ya neno moja ikipotoka, mwanafunzi hurithi falsafa ambayo mwenye shairi hakuifundisha.