Bastola Njiani Kwenda Vermont

Jumapili iliyopita, nikiwa bado kitandani, simu ililia. Alikuwa mpwa wangu aliyeko Marekani, mtoto wa dada yangu mkubwa, ambaye kwa miaka mingi sasa anaendesha malori huko Ohio. "Shikamoo, Mjomba." "Marahaba, baba. Huko si usiku wa manane? Mbona hujalala?" Akaniambia anahama. Amepata kazi Burlington, katika jimbo la Vermont, na mwisho wa mwezi atapakia vyombo vyake, mkewe na watoto wawili, waende kwa gari. Kisha akasita kidogo. "Mjomba, nina bastola."

Sikujibu mara moja. Katika ukoo wetu aliyewahi kumiliki silaha ni babu peke yake, nayo ilikuwa gobore la kufukuzia nguruwe mwitu shambani. Mpwa wangu akaanza kujieleza haraka haraka, kama mtoto aliyevunja sahani: kwamba aliinunua dukani kwa njia halali baada ya nyumba yake kuvunjwa, kwamba yeye ni mkaazi wa kudumu na si mgeni wa viza, maana kijana aliyekwenda kwa viza ya masomo kwa kawaida haruhusiwi hata kuigusa. Swali lake lilikuwa moja. Ohio anaruhusiwa. Vermont anaruhusiwa. Lakini katikati ipo New York, na New York haitambui leseni ya bastola ya jimbo jingine lolote. Afanyeje?

Aliniuliza mimi kwa sababu anajua kwamba tangu nikiwa mwalimu nimekuwa nikisoma historia ya nchi hiyo. Nikamwomba siku tatu. Leo, wasikilizaji wangu, nitawasimulia niliyoyakuta.

Kwetu jambo hili ni gumu kulielewa. Mwenye kibali cha bunduki akitoka Tanga kwenda Kigoma, sheria ni ile ile njia nzima. Marekani ni majimbo 50, na kila jimbo lina bunge lake na sheria zake za silaha. Kitu ambacho upande huu wa daraja ni haki ya raia, upande wa pili ni kosa la kumpeleka mtu jela. New York ilianza mapema: mwaka 1911, baada ya mwandishi David Graham Phillips kupigwa risasi mchana kweupe mjini humo, jimbo lilipitisha sheria ya kumtaka kila mwenye bastola ndogo ya kufichika awe na leseni. Imerekebishwa mara nyingi, lakini shina lake lipo hadi leo.

Hata hivyo, swali la nani asafiri na silaha kutoka jimbo hadi jimbo ni kongwe kuliko hapo, kongwe hata kuliko gari. Mwaka 1857 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya Dred Scott, mtumwa aliyedai uhuru wake kwa kuwa bwana wake alimpeleka na kuishi naye mahali ambapo utumwa ulipigwa marufuku. Jaji Mkuu Roger Taney alimkatalia. Katika hoja zake alitaja hatari alizoziona endapo mtu Mweusi angehesabiwa raia: angeweza kuingia jimbo lolote apendapo bila pasi, angeweza kufanya mikutano, na angeweza kubeba silaha popote aendako. Kwa Taney hiyo ilikuwa hoja ya kutosha. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha, jimbo la Mississippi halikukawia. Mwaka huo huo wa 1865 likawakataza watu Weusi waliotoka utumwani kuwa na bunduki bila kibali maalumu. Nawaombeni mliweke hilo akilini, nitalirudia.

Kwa muda mrefu baadaye, silaha yenyewe ilisafiri kwa raha kuliko mwenyewe. Machi 1963 mtu aliyejiita A. Hidell aliagiza bunduki ya Kiitaliano kutoka duka moja la Chicago, pamoja na darubini yake, kwa dola 21 na senti 45. Ikaja kwa posta hadi sanduku la barua mjini Dallas, Texas. Hakuna aliyemuuliza kitu. Novemba mwaka ule Rais Kennedy akauawa kwa bunduki hiyo, na Hidell akatambulika kuwa ni Lee Harvey Oswald. Hata hivyo Kongresi ilivuta miguu kwa miaka mitano, mpaka Martin Luther King na Robert Kennedy nao walipouawa mwaka 1968. Oktoba mwaka huo Rais Johnson akatia saini sheria iliyokata biashara hiyo: bunduki isiuzwe tena kwa posta kumwendea raia wa jimbo jingine, bali ipite mikononi mwa wauzaji wenye leseni ya serikali kuu.

Sheria hiyo ilimbana muuzaji. Msafiri iliwaachia majimbo, na kila jimbo lilimtazama kwa jicho lake. Oktoba 1980 kijana mmoja alikamatwa katika kiwanja cha ndege cha Nashville, Tennessee, akitaka kupanda ndege na bastola tatu kwenye mzigo wake. Siku hiyo Rais Carter alikuwa mjini humo. Kijana akatozwa faini, na pamoja na gharama za mahakama ikafika dola 62 na nusu, akaachiwa. Siku chache baadaye akanunua bastola nyingine Dallas. Aliitwa John Hinckley, na Machi 30, 1981 alimpiga risasi Rais Reagan mjini Washington.

Sasa sikilizeni vituko vya historia. Rais huyo huyo Reagan, aliyebeba kovu la risasi iliyosafiri kutoka Texas, ndiye aliyetia saini, Mei 19, 1986, sheria ya kumlinda msafiri mwenye bunduki. Ilipelekwa bungeni na Seneta McClure wa Idaho na Mbunge Volkmer wa Missouri, watu wa majimbo ya wawindaji, ambao walilalamika kwamba mtu mwema anageuka mhalifu kwa kuvuka mstari asiouona.

Sheria inasema hivi. Ikiwa unatoka mahali unaporuhusiwa kuwa na silaha yako na kubeba, ukaenda mahali pengine unaporuhusiwa vivyo hivyo, jimbo la katikati lisikushtaki, ilimradi silaha iwe tupu, nayo na risasi zake ziwe mahali usipoweza kuzifikia ukiwa umeketi garini. Kwenye buti, kwa mfano. Kama gari halina buti lililojitenga, basi ziwe ndani ya kasha lililofungwa kwa kufuli, na sheria imetaja waziwazi kwamba kile kijisanduku cha mbele ya abiria hakihesabiki, wala kile kilicho kati ya viti. Kwa ndege, silaha iwe tupu ndani ya kasha gumu lenye kufuli, itangazwe kwa shirika la ndege, isafiri na mizigo ya chini.

Nilipofika hapo nilitaka kumpigia mpwa wangu nimwambie alale usingizi. Nashukuru sikufanya hivyo.

Mwaka 2005 mtu mmoja wa Utah alikuwa akisafiri kwa ndege kwenda Pennsylvania, bastola yake imefungwa na kutangazwa kama inavyotakiwa. Begi likachelewa Newark, New Jersey, safari ya mbele ikampita. Akakabidhiwa begi lake, akalala hotelini usiku mmoja. Asubuhi alirudi kiwanjani, akatangaza bastola yake kwa uaminifu, na akatiwa pingu. Alikaa mahabusu siku kadhaa. Mashtaka yalifutwa, naye akaishtaki mamlaka ya kiwanja. Mwaka 2010 mahakama ya rufani ikamkatalia: usiku ule hotelini begi lilikuwa mkononi mwake, angeweza kulifungua, kwa hiyo ulinzi wa sheria ya 1986 haukuwa naye. Majaji walikiri kwamba aliingia matatani bila kosa lake. Lakini walimwacha huko huko matatani.

Kwa maneno mengine, sheria inalinda mwendo. Ukituama, una hatari.

Yupo na mama mmoja Mweusi wa Philadelphia, mlezi wa watoto wawili, mwenye kibali cha Pennsylvania. Mwaka 2013 alivuka kuingia New Jersey, akasimamishwa na polisi, na mwenyewe akamwambia askari kwamba ana bastola. Hakuwa ameifungia nyuma, alikuwa nayo karibu. Alikabiliwa na kifungo kisichopungua miaka mitatu, mpaka kelele zilipozidi na kesi ikaondolewa kwenye njia hiyo. Gavana Chris Christie alimsamehe mwaka 2015. Na mwaka 2016 huko Minnesota, ndani ya jimbo lake mwenyewe na akiwa na kibali halali, Philando Castile alimwambia askari kwa adabu kwamba anayo silaha. Sekunde chache baadaye alipigwa risasi, akafa. Askari alishtakiwa na kuachiwa huru mwaka 2017. Nilisema nitalirudia lile la Jaji Taney. Sheria yake ilizikwa zamani, lakini hofu yake naona bado inasimamisha magari barabarani.

Siwalaumu New York kwa kutotaka bastola za wageni. Mji wenye msongamano ule una haki ya kuogopa. Mwaka 2022 Mahakama Kuu iliwaondolea sharti la mwombaji kueleza sababu maalumu ya kubeba bastola, ila leseni yao bado wanaitaka. Desemba 2017 Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa kila jimbo kutambua vibali vya mwenzake, Seneti haikuupitisha.

Jumatano nikampigia. Nikamwambia: bastola tupu, kasha la chuma, kufuli, kwenye buti, risasi kasha la pili, jaza mafuta Pennsylvania. Kutoka mpaka huo hadi Vermont ni saa sita au saba, usilale New York.

"Mjomba," akasema, "na mtoto akitapika? Na gari likiharibika?" Mkewe nikamsikia nyuma akisema kitu, sikukisikia vizuri.

Akaniambia ataipeleka kwa muuzaji wa Ohio, yeye aitume kwa muuzaji mwenzake wa Vermont, kwa njia ile iliyowekwa na sheria ya 1968, na akishakuwa mkaazi wa Vermont ataifuata huko na kujaza fomu upya. Gharama ipo, lakini amekwisha kuamua. Bastola itatangulia peke yake, na yeye na watoto watalala Syracuse.