Waliolalamikia Kiti cha Mbele

Tarehe 12 Oktoba 1958 Rais Eisenhower wa Marekani aliweka jiwe la msingi la Interchurch Center, New York, jengo la ofisi za Baraza la Taifa la Makanisa na madhehebu kadhaa. Wamethodisti, Wapresbiteri na Waepiskopali walikuwa wamezoea kusikilizwa na watawala. Wahafidhina wa kiinjili, ambao wengi wao walikuwa nje ya Baraza hilo, waliona uchungu: ni nani aliyewapa hao haki ya kuusemea Ukristo wote?

Tangu katikati ya miaka ya 1960 madhehebu hayo yalianza kupungukiwa na waumini. Mwaka 1972 Dean Kelley, mtumishi wa Baraza lenyewe, aliandika kwamba makanisa yenye masharti magumu ndiyo yanayokua. Wahafidhina walishangilia, ingawa baadhi ya watafiti wameonyesha baadaye kwamba tofauti ya idadi ya watoto katika familia ilichangia sana.

Lakini tumtazame Jerry Falwell. Mwaka 1965 alihubiri kwamba wahubiri hawakuitwa kuwa wanasiasa. Mwaka 1979 aliunda Moral Majority, chama cha kushawishi siasa. Nionavyo mimi, kilichokuwa kimewaudhi si kiti cha mbele chenyewe, bali aliyekikalia. Wabaptisti wa Kusini, waliozidi milioni 16 mwaka 2006, walipata wasikilizaji Ikulu ya Washington. Mwaka 2023 walikuwa wamepungua hadi chini ya milioni 13.