Ile Picha ya Maumbo Ukutani Kwako Ilianzia Kitandani kwa Mgonjwa

Umeziona. Maumbo kama majani au mwani, bluu, njano, pinki, hamna sura ya mtu wala nyumba. Ziko sebuleni, ziko saluni, ziko nyuma ya kila anayejirekodi video. Wengi wanazinunua kwa sababu zinaendana na kochi. Kumbe aliyeutangaza mtindo huo duniani ni mzee ambaye hata kusimama kulikuwa kunamshinda.

Jamaa alikuwa Mfaransa, karani wa wakili, maisha yake mafaili tu. Akiwa na miaka kama 20, ugonjwa wa kidole tumbo ukamlaza kwa wazazi wake. Mama yake akamletea sanduku la rangi asije akaboeka. Basi, sheria akaipa kisogo.

Twende hadi 1941. Sasa ana miaka 71, mchoraji wa jina kubwa, na saratani ya utumbo imemfikisha kwenye upasuaji huko Lyon. Ilikuwa kufa na kupona. Akapona, mpaka watawa waliomuuguza wakampachika jina la "aliyefufuka". Ila nguvu za kusimama mbele ya turubai zilikuwa zimekwisha. Akabaki wa kitanda na kiti cha magurudumu.

Akashika mkasi. Wasaidizi walipaka karatasi rangi, yeye anakata, kisha vipande vinabanwa ukutani kwa pini, vinahamishwa hadi roho yake iridhike.

Na usidhani kichwa kilikuwa kimetulia. Vita ya Pili ya Dunia ilikuwa imepamba moto, na mwaka 1944 polisi wa siri wa Wanazi walimkamata mkewe waliyekuwa wameshatengana, pamoja na binti yake, kwa kuwasaidia wapigania ukombozi. Binti aliteswa, akaponea chupuchupu kufikishwa kambini Ujerumani. Mkasi usingeweza kumkomboa mtoto, lakini mzee hakuuweka chini.

Mwaka 1947 kazi hizo zikatoka Paris kwenye kitabu, Jazz: picha 20, nakala 250. Mojawapo ni mtu mweusi anayeanguka katikati ya nyota, na kidoa chekundu mahali pa moyo. Nyingine ni maumbo matupu, kumbukumbu za maji ya Tahiti alikotembea mwaka 1930.

Sasa kali ya yote: mwenyewe alipoziona zimechapwa, hazikumkosha. Aliona uhai wa zile karatasi alizokata kwa mkono umepotea njiani.

Huko Uingereza nako, mchoraji mwingine aliyewahi kulazwa kwa kifua kikuu aliona kuchora kunamsaidia yeye na wagonjwa wenzake. Mwaka 1942 akakipa kitu hicho jina: tiba ya sanaa.

Yule mzee aliendelea na mkasi wake karibu hadi mwisho, akafariki 1954 akiwa na miaka 84. Picha nunua, inapendezesha ukuta. Ila nafuu yake aliipata kwenye kukata. Siku moyo ukiwa mzito, karatasi za rangi na mkasi viko steshenari ya hapo mtaani.