Umbali wa Miguu: Haki ya Bustani za Umma Jijini Nairobi

Nairobi husifiwa kwa miti yake, na sifa hiyo si ya bure. Msitu wa Karura pekee una takriban hekta 1,000 ndani ya mipaka ya jiji. Lakini hesabu ya hekta haimwambii mkazi wa mitaa ya mabanda ya Mathare au Mukuru lolote kuhusu maisha yake. Makala hii inashikilia kwamba haki ya maeneo ya kijani ipimwe kwa mambo matatu: umbali ambao mtoto au mzee anaweza kuutembea kutoka mlangoni pake, fedha anazodaiwa langoni, na jinsi anavyopokelewa akishafika.

Pengo lililopo lilipangwa. Serikali ya kikoloni iliwatenga wakazi kwa rangi: Wazungu wakajitwalia miinuko ya magharibi na kaskazini, yenye ubaridi na udongo mwekundu; Waafrika wakasukumiwa mashariki, kwenye tambarare za udongo mweusi unaotuamisha maji. Hata huko, mtaa wa Kaloleni uliojengwa miaka ya 1940 uliachiwa nyasi baina ya nyumba na ukumbi wa jamii, ishara kwamba nafasi ya kupumulia ingewezekana kwa nyumba za watu wa kipato cha chini pia. Uhuru ulifuta ubaguzi wa kisheria, lakini ramani ilibaki. Leo mtaa wa kitajiri wa Muthaiga unapakana na Karura, ilhali huko Mathare, ng'ambo tu ya barabara ya Thika, watoto wanacheza mpira wa makaratasi kwenye vichochoro baina ya kuta za mabati, na mpira ukitumbukia mtaroni mchezo unasimama.

Tunawiwa shukrani kubwa na waliopigania bustani tulizo nazo. Mwaka 1989 Profesa Wangari Maathai alipinga jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa kusimamishwa Uhuru Park. Miaka ya tisini mwanaharakati Zarina Patel aliongoza utetezi wa Bustani ya Jeevanjee, na Januari 1999 Maathai na wenzake walipigwa Karura walipokwenda kupanda miti. Hata hivyo, ushindi huo ulihusu maeneo makubwa yenye majina. Viwanja vidogo vya mitaani vilimegwa kimyakimya. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya 2004 ilionyesha jinsi ardhi iliyotengewa matumizi ya umma ilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria. Mwaka 2015, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road walirushiwa vitoa machozi wakidai uwanja wao wa kuchezea uliozungushiwa ukuta. Picha za tukio hilo ziliitikisa nchi, na uwanja ukarejeshwa. Viwanja vingapi vilipotea bila kamera kuwapo?

Suala la ada ni gumu zaidi, na sitalirahisisha. Ua na walinzi ndio waliowawezesha wanawake kutembea peke yao Karura, msitu uliowahi kuogopwa kwa uhalifu, na gharama ya ulinzi huo lazima ilipwe na mtu. Lakini shilingi 100 ambazo mtu mzima alitozwa kwa miaka mingi, ukiongeza nauli ya matatu kwenda na kurudi kwa familia nzima, zilimeza sehemu kubwa ya ujira wa siku wa mfanyakazi wa kibarua. Siku maalumu za kuingia bure zingesaidia kidogo tu, kwa kuwa nauli hubaki palepale. Ndiyo maana naona kupunguza ada ni jibu pungufu: afadhali bustani ndogo iliyo karibu kuliko msitu mkubwa usiofikika.

Kwa hiyo fedha na juhudi zianzie mashariki ya jiji. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na Tume ya Taifa ya Ardhi ina jukumu la kusimamia ardhi ya umma. Kaunti ishirikiane nayo kupima kila kiwanja cha wazi kilichosalia, hata kile kisichozidi robo ekari, kukisajili kwa hatimiliki ya umma na kubandika ramani yake katika ofisi ya chifu, ili wakazi wajue mipaka kabla mabati ya mjenzi hayajasimamishwa. Kingo za mito ya Nairobi, Mathare na Ngong' zinaweza kutoa nafasi nyingine, ila kwa sharti moja: anayehamishwa kupisha miti apewe kwanza makao ndani ya mtaa uleule, la sivyo bustani itakuwa imejengwa kwa ajili ya wengine.